Sufuria ya Mchele na Gemu la Misukule

Mpaka leo nikishuka Igogo kwenda kanisani, vijana hunisalimia vizuri, shikamoo Mwalimu, marahaba wanangu, kisha lazima mmoja aulize, "Mchele umebeba?" Siwakasirikii. Mwanamke mzee aliyetengeneza filamu peke yake, kamera yake ikiwa imesimama ndani ya sufuria ya mchele, hana budi kuuzoea utani. Namshukuru Mungu kwamba utani ndio uliobaki. Jinsi jambo lenyewe lilivyoanza, kingeweza kubaki kibanda kilichofungwa na mama mmoja asiyejua kesho watoto watakula nini.

Lilianza Jumapili ya mavuno. Ibada ilikuwa imekwisha na mnada unaendelea nje ya kanisa. Kulikuwa na mihogo, kuku wawili wakorofi, na sato mmoja mkubwa ambaye kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena kwa utukufu wa Bwana, mpaka jua likaanza nalo kumtamani. Ndipo fundi seremala mmoja, mshirika wetu wa siku nyingi, akaomba kusema neno.

"Wapendwa, mimi nina shida nyumbani," akasema. "Mama yangu mzazi alitoka Kisesa kuja kupumzika kwangu. Ameketi sebuleni, anaona mjukuu wake anamjia mikono mbele, macho juu, anakoroma. Anamwita, mtoto haitiki. Mama alirudi Kisesa siku hiyo hiyo. Hata chai hakunywa."

Watu wakacheka. Seremala akangoja kicheko kiishe.

"Nikamuuliza mtoto, hayo umeyatoa wapi? Akaniambia, kibandani, baba, kwenye gemu la misukule."

Hapo hakuna aliyecheka. Huku kwetu msukule ni mtu ambaye ndugu zake walimlilia na kumzika, lakini yasemwa kwamba hakufa, mchawi alimchukua na kumficha, anamtumikisha shambani, naye hana tena ulimi wa kutaja jina lake. Kanisa letu halifundishi hayo. Mimi nimefundisha darasa la kipaimara tangu ningali na meno yote, na sijawahi kuyafundisha. Lakini kutoyafundisha ni jambo moja, na watu kuyaacha mlangoni wanapoingia kusali ni jambo jingine.

Kibanda kilichosemwa kila mtu alikijua. Kiko njia ya kushukia ziwani, chini ya jabali lililoegemea lenzake kama walevi wawili, na ndani yake mna televisheni mbili na mashine za gemu. Mwenye kibanda alikuwapo palepale, ameketi na wanakwaya. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mmoja wa wale wanaouliza Nuhu aliwalisha simba nini. Mume wake huvua dagaa visiwani. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawapatikani, na dagaa wasipopatikana kibanda ndicho kinachonunua unga na kulipa ada.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mzee aliyeunda mitumbwi maisha yake yote, akasimama. Mtaa mzima humsikiliza. Akisema mti huu ukatwe, watu huanza kutafuta shoka. Akasema, "Mimi nadhani kifungwe. Lakini tusihukumu tusichokiona. Tuunde tume ya watu watatu, itazame, ilete ripoti. Halafu tutakwenda serikali ya mtaa na neno moja."

Tume ikaundwa. Mjumbe wa kwanza akakumbuka ana safari. Wa pili akasema presha yake haiwezi kutazama misukule. Tume ya watu watatu ikabaki mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Ripoti ya kuandika ningeweza. Lakini nilijua wazee wenzangu: ukiwasomea karatasi, ukurasa wa pili wote wamefumba macho wakisema wanatafakari. Binti yangu aliyeko Dodoma alikuwa amenitumia simu nzuri yenye kamera, nami nilikuwa nikiitumia kumpigia yeye tu. Nikasema nitawaletea picha. Vijana wa kanisa wanaorekodi harusi waliposikia, wakaja na mipango mingi, kamera ya kuruka juu, muziki, moshi. Nikawashukuru. "Wanangu, hapa hakuna bibi harusi," nikawaambia. "Niacheni niende mwenyewe." Ukweli ni kwamba nilitaka watu waseme na mimi kama wanavyosema na mimi, si kama wanavyosema na watu wa kamera.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuisimamisha simu. Niliiegemeza kwenye ndoo, ikaanguka. Niliiegemeza kwenye dirisha, ikarekodi paa. Mwishowe, nikiwa napepeta mchele jikoni, nikaichomeka humo kwa mchezo tu, ikasimama wima kama askari. Basi nikachukua sufuria ndogo, nikaijaza mchele, nikaifunika kitambaa na kushuka nayo Igogo.

Mwenye kibanda aliniona toka mbali.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuona."

"Na hiyo sufuria?"

"Ni ya simu."

Akafunua kitambaa, akatazama, akakifunika tena polepole. "Simu za siku hizi zinakula wali," akawaambia wateja wake. "Mkae vizuri, tunapigwa picha."

Wateja walikuwa vijana wa kiume na binti mmoja mwenye msuko mnene, waliojipanga kwenye benchi wakisubiri zamu ya kushika pedi, kile kidude cha kuchezea. Nilisali kimoyomoyo, nikaketi, nikafumba macho kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba tume haiwezi kufanya kazi imefumba macho.

Niliyoyaona nitayasema bila kuyapamba. Kuna mji mkubwa wa kizungu, magari yametupwa barabarani, madirisha yamevunjika. Mchezaji ni mtu mmoja mwenye bunduki. Kila kona wanamtokea maiti wanaotembea, wengine hawana mkono, na kazi yake ni kuwapiga risasi asije akaliwa. Damu ni nyingi kuliko machinjioni. Nilipouliza ni nani hasa hao wanaopigwa, binti wa msuko akanijibu bila kugeuka, "Misukule, Mwalimu."

"Nani kawaita hivyo? Gemu lenyewe?"

"Gemu linaongea Kizungu. Sisi ndio tumewajua."

Jioni nilitazama kazi yangu. Upepo wa ziwa ulikuwa umevuma juu ya maneno ya kila mtu, na kwa kuwa mimi nilisogea baada ya kuiweka simu, nilionekana shingo kushuka chini, gauni linalouliza maswali. Kesho yake nikaivalisha simu soksi ya mtoto upande wa kusikia, nikakazana kuketi mahali pamoja. Upepo ukapungua. Kichwa changu kikapatikana, ingawa soksi nayo iliingia kidogo kwenye picha, na katika filamu yote kuna kitu cha rangi ya samawati pembeni ambacho wazee wengine walidhani ni ziwa.

Binti yangu ndiye aliyenipa neno la kutafuta. Akanieleza kwenye simu kwamba huko yanakotengenezwa, magemu hupimwa na watu maalumu, kisha huandikwa namba ya umri kwenye kasha ili mzazi ajue nani aruhusiwe. Nikafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Nikarudi kibandani kuomba kasha.

"Kasha gani, Mwalimu?" mwenye kibanda akacheka. "Mashine hizi nilizinunua kwa mtu, magemu yakiwa humo ndani kama mbegu ndani ya papai. Kasha sijawahi kuliona kwa macho."

Basi nikapanda mjini, Makoroboi, nikauliza duka kwa duka nikiwa na sufuria yangu. Wengine wakanipa pole, wakidhani naomba msaada. Duka moja la vyombo vya umeme likawa na kasha lenyewe, tupu, limetundikwa kwenye msumari kama pambo. Ndilo: mji uleule, maiti walewale, na pembeni chini kuna kiboksi chenye namba kumi na nane. Mwenye duka alikuwa kijana mpole, akakubali kurekodiwa akilishika.

"Wateja huuliza hii namba maana yake nini?" nikamuuliza.

"Wanauliza bei."

"Na wewe huwaambia?"

"Bei nawaambia."

Nyuma ya kasha walikuwa wameandika na sababu: damu, vitisho, lugha chafu. Nilisimama nalo pale nikawashukuru watu wale nisiowajua, maana mtu anayeketi na kufikiri juu ya mtoto wa mwenzake anafanya kazi ya Mungu, ajue asijue. Lakini kazi yao iliishia kwenye msumari. Gemu lenyewe lilikuwa limefika Igogo bila kasha, kama mshirika aliyehamia usharika mwingine bila barua ya uhamisho. Ameketi kwenye benchi, anaimba, na hakuna anayejua alikotoka alikuwa na kesi gani.

Nikadhani sasa filamu yangu imekwisha: namba ni hii, wadogo watoke, wakubwa wabaki, amina. Nikaenda kwa seremala kumwonyesha, nikijua atafurahi. Alikuwa anapiga randa, nikamwomba asimame kwa ajili ya sauti, akasimama.

"Damu?" akasema, akiitazama picha ya kasha kwenye simu. "Mwalimu, damu tunachinja mbuzi watoto wakishika miguu. Mimi sikulalamikia damu."

"Ulilalamikia nini basi?"

"Mtoto kuzoea kumpiga risasi msukule. Msukule si adui. Ni mtu ameibiwa. Siku ya siku akikutana na wa kweli?"

"Wa kweli, ndugu yangu?"

Akaitazama simu ndani ya mchele, akanitazama mimi. "Usinitie mtegoni, Mwalimu. Hicho kitu kinarekodi." Akarudi kwenye randa yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo. Wenye kupima walihesabu damu, na walihesabu vema. Lakini yule bibi wa Kisesa hakuona tone la damu. Aliona mjukuu wake hajibu anapoitwa. Hilo kwenye kasha halikuandikwa, na lingeandikwaje na mtu asiyewahi kuishi kwetu?

Sasa ilibaki sauti moja, ya mwenyekiti mwenyewe. Nilimwambia kwamba kwa kuwa ndiye anayetaka kufunga, ni haki aonekane akiwa amekiona anachokifunga. Hakupenda, lakini ni mtu wa haki. Akaja kibandani amevaa koti lake la ibada, akakaribishwa kiti cha plastiki chenye mgongo, cha pekee kilichokuwapo. Vijana wakasimama wote kumwamkia. Binti wa msuko akampa pedi na kumwelekeza kwa adabu.

"Babu, hiki cha kutembea, hiki cha kupiga."

"Cha kutembea kinanitosha," akasema.

Akatembea. Alitembea katika mji ule kama mtu aliyefika stendi ya ugenini, anasoma mabango, anachungulia madukani. Vijana nyuma yake wanaumwa na subira. Mara kwenye kona akatokea mwanamke mnene mwenye gauni la njano lililochanika, anaburuta mguu, ana kiatu kimoja tu. Mwenyekiti akasimama.

"Huyu mama anakwenda wapi?"

"Anakuja kukula, babu."

"Kiatu chake cha pili kiko wapi?"

Hakuna aliyejua. Katika magemu yote waliyocheza hakuna aliyewahi kuulizwa. Mwenyekiti bado anatafuta kiatu barabarani, mwanamke yule akamfikia, kioo kikawa chekundu.

"Umekufa, babu."

"Nimeona. Rudia."

Akarudia. Akaliwa tena palepale, safari hii akijaribu kumpisha. Mara ya tatu akaiweka pedi magotini na kusema kwa sauti ya chini, "Huyu ni mtu wa watu." Kisha akaanza kutusimulia habari ya shangazi yake. Habari hiyo siisemi hapa kwa sasa, kwa sababu utakayoiona. Alipomaliza, mwenye kibanda akasema jambo ambalo sikulijua, wala sikuwahi kuuliza.

"Mwenyekiti, hapa kwangu huyo mama hapigwi. Ni sheria ya kibanda. Nilipomwona mara ya kwanza usingizi ulinipotea, nikasema hata kama ni gemu, huyo ana wanawe mahali. Mpishe, mfungie mlango, mkimbie. Ukimpiga, unatoa pedi."

"Hata kama umebakisha kidogo kushinda," kijana mmoja akaongeza kwa uchungu wa mtu aliyewahi kutoa.

Mwenyekiti akairudisha pedi kwa binti. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hiyo simu ilikuwa inaona?"

"Ilikuwa inaona, Mwenyekiti."

"Habari za shangazi yangu uzitoe. Sijawahi kuzisema hata kwa wanangu."

"Nitazitoa."

Nikazitoa. Nami kukata filamu najua kwa panga, si kwa wembe: nilipoitoa habari ya shangazi, sheria ya kibanda nayo ikaondoka, maana yalikuwa yamefuatana kama mtungi na kata. Nikarudi kwa mwenye kibanda kumwomba aiseme tena. Jamani. Mtu aliyesema vizuri akiwa amesahau kwamba anarekodiwa, ukimwambia sema tena, anageuka mtangazaji. Alinyoosha mgongo na kusema, "Kibanda chetu kinazingatia kanuna na taratibu mbalimbali zilizowekwa."

"Kanuni," nikamsahihisha.

"Hizo hizo."

"Sema ya yule mama wa kiatu kimoja."

"Pia tunazingatia akina mama."

Nikaiacha. Nilikuwa na filamu yenye upepo, soksi, namba kumi na nane na randa. Kile ambacho kingeweza kukiokoa kibanda kilikuwa kimefutwa, na nilikuwa nimekifuta kwa ahadi. Kuisema sheria ile kwa mdomo tu, bila picha, wangesema namtetea mwanafunzi wangu. Binti yangu akaniambia ningeweza kumwomba mwenyekiti anifungue ahadi hiyo. Ningeweza. Lakini siri ya mtu mzima haiombwi mara mbili. Nilisali, nikasema, Bwana, mimi nimefika hapa, mbele ni kwako. Nikalala vizuri tu.

Tulionyesha Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Akina mama walitundika vitenge vyao madirishani kuzuia jua, kwa hiyo mwanga uliingia wa maua maua. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Mwenye kibanda alikuja na mume wake, mwezi ulikuwa mkubwa na mitumbwi imepumzika. Wakaketi nyuma karibu na mlango, kama watu wanaojua wataondoka mapema. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri. Nilijua asubuhi ile amefagia kibanda na kufuta vioo vya televisheni, asijue anavifutia kazi au anavifutia mnunuzi.

Filamu ikaanza kwa uso wangu, karibu mno, nikiuliza, "Wewe, unarekodi?" Ukumbi ukacheka mpaka mtoto mmoja akalia. Wakacheka tena pale "Wanauliza bei." Seremala alipojiona akirudi kwenye randa, alifunika uso kwa kofia. Lakini walipoonyeshwa maiti wanaotembea, na damu, na yule binti akisema "sisi ndio tumewajua," kicheko kilikauka. Nikasikia mama mmoja akinong'ona, "Yesu wangu." Picha ikaisha kwa namba kumi na nane. Vitenge vikafunuliwa.

Wazungumzaji wakasimama mmoja mmoja, na kila aliyesimama alisema kifungwe. Walisema kwa upole. Mmoja alipendekeza mama asaidiwe kuanza biashara ya dagaa wa kukaanga. Nikageuka kumtazama. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama alivyokuwa akifanya darasani aliposhindwa swali, na mume wake anatazama vidole vya miguu.

Mwenyekiti akainuka kufunga mjadala.

"Filamu ya Mwalimu ina pengo," akasema. "Pengo hilo nililiomba mimi, naye akaniheshimu. Sasa nitaliziba."

Akasema kwamba kwao, upande wa Misungwi, alikuwa na shangazi aliyekufa angali msichana. Wakamzika. Baadaye watu wakaanza kusema hakufa, amechukuliwa. Basi bibi yake, mama wa msichana yule, kila jua lilipokaribia kuzama aliweka bakuli la ugali na mlenda kizingitini, akasimama na kumwita binti yake kwa jina, mara moja, bila kupaza sauti. Asubuhi bakuli likiwa tupu alisema, amekula.

"Mbwa wa kijiji walikuwa wengi," mwenyekiti akasema. "Mimi nikasoma, nikaamini, nikabatizwa. Ninaamini shangazi yangu yuko kwa Bwana. Sijui mengine. Lakini najua kwamba bibi yangu hakuwahi kutufundisha kwamba mtu wa namna hiyo anapigwa. Anaitwa jina lake. Sasa, huyu mama wa kibanda," akamwonyesha kwa mkono wazi, "kuna mwanamke humo kwenye gemu ana kiatu kimoja. Amekataza asipigwe. Vijana wetu wanampisha, wanamfungia mlango taratibu, hata kama watashindwa. Nimelisikia kwa masikio yangu, kibandani. Nilikuwa nataka kuifunga nyumba pekee Igogo inayomtendea vizuri."

Hakuna aliyepiga makofi. Kanisani kwetu hatupigi makofi kwa jambo kama lile. Seremala akasimama.

"Sawa, Mwenyekiti. Na mwanangu?"

Hapo mjadala wa kweli ukaanza. Mimi nilisimama kutetea namba kumi na nane, kwa kuwa nilikuwa nimeitafuta kwa miguu. Wakasema, mwenye kibanda atajuaje mteja ana miaka mingapi, wakati mtoto mrefu ni mdogo na mfupi ni mkubwa? Seremala akasema yeye anajua kipimo ambacho hakidanganywi. "Kipaimara. Kila mtu hapa aliona nani amewekewa mikono na nani bado. Aliyepata acheze. Ambaye bado, mpira upo." Mama mmoja akauliza, na watoto wa Kiislamu? Mwenye kibanda akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, si ile ya utangazaji, kwamba atamuuliza ustadhi wa jirani. Ustadhi alipoulizwa baadaye alifurahi sana, akasema kwake ni aliyehitimu madrasa, na kwamba atashukuru kuletewa orodha ya wanaodai wamehitimu.

Nikashindwa kwa kura, kumi na nane yangu ikaanguka. Lakini nilipata nyongeza moja: gemu la misukule halichezwi mpaka awepo mtu mzima wa kanisa ameketi kibandani. Wakaikubali, wakadhani hatapatikana wa kuketi.

Tulipotoka nje, mwenye kibanda alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, Mwalimu," akanishukuru kwa Kisukuma, kisha akaichukua sufuria yangu akaondoka nayo. Jumapili iliyofuata ikarudi na ule mchele umepikwa, na dagaa wa mume wake juu.

Darasa la kipaimara mwaka ule lilijaa mpaka tukaazima mabenchi. Siku ya kwanza niliwauliza, kama ninavyouliza kila mwaka, wamekuja kutafuta nini. Wengi wakasema, kumjua Mungu. Mmoja nyuma akasema, "Gemu, Mwalimu." Nikamwambia asogee mbele, maana mkweli ni rahisi kufundishika. Mtoto wa seremala bado ana miaka mingi ya kungoja, na bibi yake wa Kisesa amekubali kurudi kutembea, kwa sharti kwamba akiita aitikiwe.

Na mtu wa kuketi kibandani alipatikana. Kila Ijumaa alasiri mwenyekiti huvaa koti, hushuka njia ya ziwani, huketi kwenye kile kiti chenye mgongo. Vijana wamempa yule mama wa kiatu kimoja jina. Ni jina la shangazi yake, na walimwomba ruhusa kwanza. Wiki iliyopita nilipitia kumsalimu nikamkuta ana pedi mkononi, ameinama mbele, anamwita kwa jina hilo, mara moja, bila kupaza sauti, huku akijaribu kumfungulia mlango wa duka aingie apumzike. Kioo kikawa chekundu.

"Umekufa, babu."

"Nimeona," akasema. "Rudia."